Sheria inatubadilisha moyo ama inatutisha tu? Maswali mnayoniuliza sana hapa Busia

Tuelewane mapema, mimi si wakili. Nasaidia watu wa mtaa wetu hapa Busia, upande wa Uganda, na mambo ya polisi na koti: kuandika maelezo, kusoma zile karatasi zenye mihuri, kumsindikiza mama ambaye kijana wake amelala ndani na hajui aanzie wapi. Mtu akishakuzoea anaanza kukuuliza yale ambayo hayako kwenye karatasi. Mbona hii ni kosa na ile si kosa, mbona huyu kaachiwa, kwani sheria inatufanya watu wazuri ama waoga tu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu saa nne usiku, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Kiswahili changu nimekiokota kwenye baraksi ya baba na soko la mpakani, mtanivumilia.

Sheria ya jinai ndo ipi sasa?

Ni ile ambayo ukiivunja anayekushtaki ni serikali. Jirani akikudai laki mbili hilo ni deni, mtasumbuana nyinyi wawili, lakini ukimkata panga, hata akikusamehe kesho yake bado serikali inaweza kuendelea na wewe, manake inahesabu umetukosea sote. Kitabu chetu kikubwa ni Penal Code ya 1950, ya enzi za Mwingereza, halafu kuna sheria zingine kibao zilizokuja baadaye na makosa yake. Na Katiba ya 1995 kwenye ibara ya 28 inasema hutiwi hatiani kwa kosa ambalo halijaandikwa kwenye sheria pamoja na adhabu yake. Ndo maana mwiko wa ukoo si jinai. Ukila mnyama ambaye ukoo wenu hauli, wazee watakununia hadi kaburini ila askari hana kazi na wewe.

Kwa hiyo serikali ikikataza kitu, hicho kitu kinakuwa kibaya?

Njoo asubuhi usimame na mimi karibu na mpaka. Kuna mama anauza mukene, wale dagaa ambao ng'ambo, upande wa Kenya, wanaita omena. Anakuja na mzigo wake kwenye kaveera nyeusi, mifuko ya plastiki, zile kubwa, amefunga mafundo mawili. Kabla hajafika getini anachuchumaa pembeni ya ukuta, anafungua, anamimina mukene kwenye beseni, anafunika na leso, halafu ile kaveera anaikung'uta, anaikunja mara nne, anaiweka chini ya jiwe. Anavuka. Jioni akirudi anaiokota na kubebea sukari. Siku moja nilimuuliza kama yeye anaona kaveera ni kitu kibaya, akanitazama kama mtu mwenye malaria. "Mwanangu, huko wanashika."

Na tena sisi Uganda ndo tulitangulia kukataza. Mwaka 2009 sheria ya fedha ilikataza kaveera nyembamba za chini ya mikroni 30, na 2019 sheria ya mazingira ikarudia wimbo uleule. Kenya walikuja nyuma yetu, tarehe 28 Agosti 2017, ila wao walikuja na faini ya hadi milioni 4 za kwao ama jela hadi miaka 4, na wakaanza kushika watu kweli. Miezi ya kwanza watu wa ng'ambo walikuwa wanaogopa tu kama huyu mama. Sasa hivi ni kitu kingine. Binamu yangu anaishi Busia ya kwao, mwanawe wa miaka 8 alikuja kututembelea nikamtuma dukani, akarudi amekumbatia mkate kifuani, kaveera amemwachia mwenye duka. Hakukuwa na askari pale. Mtoto aliona aibu, na mtoto huyo hata hajui kwamba ile aibu ilianza kama woga wa wazazi wake.

Upande wetu sheria pia imefundisha, msidhani haikufundisha. Imefundisha kwamba kitu kinaweza kukatazwa redioni na kikauzwa mbele ya kituo cha polisi na dunia ikaendelea. Mimi naona hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na sheria kabisa, manake mtu akishaona moja ni maneno tu anaanza kushuku na zingine. Kuna Waholanzi walijaribu hii kitu mji wa Groningen, matokeo yakatoka 2008. Kichochoro cha kuegesha baiskeli, kuna kibao kinakataza kuchora ukuta, halafu kila baiskeli wameifunga karatasi ya tangazo kwenye usukani, hakuna pipa la taka. Ukuta ukiwa msafi asilimia 33 ya watu walitupa karatasi chini. Ukuta ukiwa umechorwachorwa na kibao bado kiko palepale, 69. Sasa wewe fikiria ule ukuta nyuma ya soko letu ulioandikwa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, unausikia kwa pua kabla hujausoma.

Si waongeze adhabu basi, watu waogope?

Kila mwenyekiti wa LC, yale mabaraza yetu ya mtaa, ninayemjua amewahi kuniambia hivi. Mtaliano mmoja, Cesare Beccaria, aliandika tangu 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kushikwa kuliko ukali wa adhabu, na tafiti nyingi za siku hizi zinaelekea hukohuko. Anayeenda kuvunja duka usiku hapigi hesabu ya miaka ya jela, anapiga hesabu kama mlinzi amelala.

Sisi tumejaribu ukali. Miaka ya 60 kulikuwa na wale wanyang'anyi wa bunduki tuliowaita kondo, wakasumbua nchi hadi serikali ikaweka kifo cha lazima kwa unyang'anyi wa silaha. Kondo waliisha? Muulize mzee yeyote aliyelala Kampala miaka ya 70 na 80, atakwambia walikuwa wanasukuma kabati mlangoni kila jioni. Januari 2009 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, ikakubali kwamba kifo cha lazima hakiendani na Katiba, jaji lazima apewe nafasi ya kupima, na mtu akikaa miaka 3 baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa inageuka kifungo cha maisha. Mara ya mwisho raia kunyongwa kwenye jela ya Luzira ni 1999, watu 28 kwa mpigo. Nimekaa na vijana wengi waliotoka jela, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba siku ya kosa alikuwa anajua kamba inatumika ama imekaa.

Halafu kuna hasara ambayo watu hawaioni. Adhabu ikizidi kosa, mashahidi wanakauka. Mtu ameona kijana wa jirani akiiba baiskeli, anajisemea nikienda kutaja huyu ataozea ndani, mama yake tunasali naye, anafunga mdomo. Wamarekani wawili, Paul Robinson na John Darley, wameandika sana juu ya hili: watu wakiona adhabu inalingana na ile wanayoiona ya haki, sheria inapata heshima, na hata kwenye mambo mapya ambayo watu hawana msimamo nayo wataisikiliza. Ikiachana sana na watu, inabaki na rungu peke yake.

Mbona sisi wa mpakani hatuoni aibu kwa magendo?

Swali zuri na linanigusa nyumbani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye embe la jirani likianguka kwake analirudisha, na alivusha kahawa usiku kwa baiskeli bila hata kuombea msamaha Jumapili.

Tukumbuke ilivyokuwa. 1972 Amin akafukuza Wahindi, maduka yakaenda kwa mafutamingi, wale matajiri wapya waliogawiwa, baada ya muda mfupi sukari, sabuni na chumvi vikapotea. 1975 baridi kali ikaua kahawa ya Brazil, bei ya dunia ikaruka, lakini mkulima wa kwetu alilazimika kuuzia bodi ya serikali kwa bei ndogo, pesa ambayo ukienda nayo dukani hakuna cha kununua. Ng'ambo, pale Chepkube, kahawa hiyohiyo ilikuwa dhahabu. Serikali ilifanya nini? Mwaka huohuo wa 1975 ikatoa amri ya kuunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya kiuchumi, ukificha bidhaa ama ukifanya magendo unaweza kupigwa risasi. Na askari waliotumwa kulinda mpaka, nao walikuwa na magunia yao.

Basi watu wakafanya hesabu yao kimya kimya. Sheria inayoniua kwa kuuza kahawa niliyoilima mwenyewe, imeshikwa na mtu anayeuza kahawa asiyoilima, hiyo si sheria, ni mkubwa kanizidi nguvu. Neno magendo likapoteza makali yake kabisa, mtu akisema naenda magendo ni kama kasema naenda shamba. Na hadi leo njia za panya ziko, mafuta ya gari yanapita, sukari inapita, nguo zinapita, na yule kijana anayepitisha ukimwibia mbuzi jirani yake ndo atakuwa wa kwanza kukukimbiza na rungu. Ana dhamiri, tena kali, ila mstari wake wa kosa uko sehemu nyingine na ule wa serikali.

Ukiniuliza nini kimewahi kuwarudisha watu njia kubwa, sitakwambia bunduki. Nilichoona kwa macho ni ile karatasi rahisi ya wafanyabiashara wadogo ya Afrika Mashariki, ukiwa na bidhaa za kwetu zisizozidi dola 2,000 unapata cheti palepale mpakani na hulipi ushuru wa forodha. Baadhi ya kina mama ambao miaka yote walikuwa wanakata vichakani, wengine na mtoto mgongoni, walianza kupita getini mchana kweupe. Si wote. Wako ambao wanasema ukiwa na cheti bado kuna mtu atakuuliza "na ya chai?", na hao wamerudi vichakani, mimi siwalaumu.

Faini si inatosha? Mtu akilipa atajifunza.

Ama atajifunza bei. Mji wa Haifa kule Israeli kulikuwa na shule za chekechea ambazo wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto. Watafiti wakaomba shule 6 ziweke faini ya shekeli 10 kwa kila kuchelewa. Wazazi wakaongezeka kuchelewa, hadi karibu mara mbili. Kabla ya faini mtu alikuwa anaona haya kumweka mwalimu jioni, baada ya faini anaona amelipia huduma. Faini ikaondolewa na ule uchelewaji ukabaki palepale, haya haikurudi. Hayo yalichapishwa 2000 na kila nikipanda teksi ya kwenda Kampala nayakumbuka, dereva ana noti ya 5,000 ameikunja tayari ndani ya leseni kabla hata hajaona trafiki.

Juni 2025 walipowasha ule mfumo wa kamera za faini za moja kwa moja barabarani, kelele zikawa nyingi na ndani ya siku chache ukasimamishwa kwanza. Nilisikiliza sana mazungumzo ya wiki ile. Watu walikuwa wanaongea bei, bei, bei, na muda wa kulipa. Sikusikia mtu mmoja akisema kukimbiza gari mbele ya shule ni ubaya.

Na helmeti ya boda?

Inakaa kwenye kioo cha pembeni hadi karibu na trafiki, inavaliwa mita mia, inarudi kwenye kioo. Tuendelee.

Kuna sheria imewahi kubadilisha mioyo kweli hapa Uganda?

Ziko, ila zilipata msaada. Nenda Sebei, Kapchorwa, Kween, Bukwo, huko juu ya Mlima Elgon. Kukeketa wasichana kulikuwa ndo mlango wa kuwa mtu mzima. Mwanamke asiyekeketwa alikuwa hapandi ghalani kuteremsha nafaka, haokoti kinyesi cha ng'ombe zizini, kwenye mkutano wa wanawake akisimama kuongea anaambiwa kaa chini wewe bado msichana, hata kama ana watoto watano. Sasa wewe ni mama, unampenda binti yako, utamwacha aishi hivyo? Utamkeketa, na utafikiri umemtendea wema. Ndo maana nawaambia watu wasikimbilie kusema wazee wa zamani walikuwa wakatili.

Wasabiny wenyewe, watu wa huko Sebei, wazee wao, walianza kugeuza mambo kabla ya sheria. Kulikuwa na mpango ulioanza 1996 na shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya idadi ya watu, wazee wakakaa, wakakubali kwamba sherehe, zawadi na mafundisho vibaki na kisu kiondoke, na 1998 chama cha wazee wa Kisabiny kikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Sheria yenyewe ya kukataza ilikuja 2010, hadi miaka 10 jela, na ikizidi, mfano msichana akifa, kifungo cha maisha. Ilikuta kuna watu tayari wanatafuta kisingizio. Nimeongea na baba mmoja wa Bukwo anauza viazi hapa kwetu, akaniambia maneno ambayo siyasahau: sheria ilipokuja, alipata cha kumjibu mama yake. Kabla ya hapo akikataa anaonekana anadharau ukoo. Baada ya hapo anasema mama, nitafungwa, na mama anakasirikia serikali badala ya kumkasirikia yeye. Sheria ikamfichia aibu hadi watu wakawa wengi wa kutosha kutosikia aibu tena.

Kitu kingine kizuri, ile sheria inamgusa hata anayemtenga ama kumdhihaki mwanamke kwa sababu hajakeketwa. Ghala na zizi vilikuwa ndo vinawasukuma watu, kwa hiyo ukikataza kisu peke yake hujafika mbali.

Lakini nisipake rangi. Kuna waliohamia usiku, kuna waliopeleka watoto upande wa Kenya, na Kenya nao walipoweka sheria yao 2011 wakatafuta mapango. Kuna wanawake wazima waliojipeleka wenyewe baada ya kuolewa kwa sababu mama mkwe hakuwapa amani. Pale ambapo mashehe, wachungaji na wazee hawakutangulia, sheria imewafanya watu wajue kujificha vizuri.

Sigara?

Sheria ya 2015, ikaanza kufanya kazi 2016, usivute ndani ya mita 50 za sehemu ya umma, shisha marufuku kabisa. Shisha imehamia chumba cha nyuma. Ila sigara kwenye basi, mnakumbuka? Siku hizi mtu akiwasha ndani ya gari abiria wenyewe wanamshusha, hakuna anayesubiri askari. Hii imekwenda vizuri kwa sababu moshi unamkera aliyekaa karibu, kwa hiyo kila abiria ni polisi.

Kosa likifutwa kwenye sheria, watu si wataharibika?

Uzinzi ulikuwa jinai Uganda hadi Aprili 2007, Mahakama ya Katiba ikafuta hicho kifungu kwa sababu kilikuwa na ubaguzi wa waziwazi: mke akitoka nje na mwanaume yeyote ni kosa, mume akitoka nje ni kosa tu kama huyo mwanamke ni mke wa mtu. Adhabu ya mwanaume ilikuwa hadi mwaka mmoja ama faini isiyozidi shilingi 200, na kumlipa aliyekosewa fidia ya shilingi 600. Mia sita! Leo hata rolex ya yai moja, ile chapati ya kuviringisha na yai, hupati.

Je, baada ya 2007 umesikia mtu akisema kutembea na mke wa mtu sasa ni sawa? Msikitini hawakubadilisha kitu, kanisani hawakubadilisha, na wakwe ndo kabisa. Ile aibu haikuwa inategemea koti kusimama. Tofautisha na kaveera, ambayo hakuna bibi aliyewahi kutufundisha kwamba ni mbaya, hiyo ndo inahitaji sheria ianze yenyewe na ishikwe kweli.

Na ile ya sketi fupi ilikuwaje?

Hiyo nitaichukulia muda, kwa sababu inaonyesha sheria inaweza kufundisha hata kitu ambacho haijasema. Februari 2014 Rais alisaini sheria ya kuzuia ponografia. Mswada wa mwanzo ulikuwa umegusa mavazi, ndo maana magazeti na redio zikaiita sheria ya sketi fupi. Kilichopitishwa hakikutaja sketi popote. Sasa nani mtaani amesoma? Ndani ya wiki chache wanaume kwenye stendi na masoko walikuwa wanawavua wanawake nguo hadharani, wanasema wanafuata sheria, hadi polisi ikabidi itoke kutangaza kwamba hakuna raia aliyepewa hiyo kazi, na wanawake wakaandamana Kampala.

Mimi nilikuwa Kampala wiki hizo kwa matibabu ya mzee. Nikaona binti wa chuo amezungukwa karibu na stendi, ameshika begi lake mbele kwa mikono miwili, na mwanaume mmoja wa makamo, amevaa vizuri, kalamu mfukoni, anamwambia kwa upole kabisa eti binti, sheria imekuja. Kina mama wauza matunda ndo walimtoa, mmoja akamfunga leso yake kiunoni. Yule mwanaume hakuwa muhuni. Alikuwa na chuki yake ya zamani na sheria ikamletea cheti. Vifungu vikubwa vya ile sheria vilifutwa na Mahakama ya Katiba Agosti 2021, ila wale waliovuliwa hawakurudishiwa kitu. Wazee watakumbuka pia amri ya Amin ya 1972 dhidi ya sketi fupi, kwa hiyo udongo ulikuwa umeshalimwa zamani.

Kwa nini watu wetu wanamuua mwizi badala ya kumpeleka polisi, na hao hao wanaenda kanisani?

Kuua mwizi ni kuua, kifungu ni kilekile cha mauaji, na kila mtu aliyerusha jiwe anaweza kushtakiwa. Watu wanajua. Lakini sikiliza wanavyoongea: "Ukimpeleka, kesho mnapishana naye dukani."

Hapa kuna kutoelewana ambako kunaua watu kabisa. Katiba inasema mshukiwa apelekwe kotini ndani ya saa 48, na akipewa bondi ya polisi maana yake arudi siku ya kesi, bado anashtakiwa. Bondi ni bure, imeandikwa kwenye kuta za vituo vingi. Mwenye duka aliyeibiwa hajui hayo, anachoona ni mwizi wake anapita na miwani. Anasema kahonga. Na ubaya ni kwamba wakati mwingine kahonga kweli. Kuna kituo, sitakitaja, nilimsindikiza mama kumtolea mwanawe bondi, tumesimama chini ya bango lenyewe la BURE, afande akaomba mafuta ya pikipiki. Nikamwonyesha bango. Akalitazama kama analiona mara ya kwanza, akasema "hiyo ni ya wageni." Mama akalipa elfu ishirini, nami nikanyamaza, kwa sababu kijana alikuwa na kidonda. Sasa mlalamikaji upande wa pili akisikia elfu ishirini imelipwa, unamwambia nini kuhusu kumwachia polisi mwizi wake mwingine?

Wakubwa wakiiba mabilioni wanaachiwa, kwa nini mimi nifuate?

Tom Tyler, mtafiti wa Marekani, aliwauliza watu zaidi ya 1,500 wa Chicago miaka ya 80 kwa nini wanatii sheria. Kuogopa kushikwa kulikuwa na nguvu ndogo kuliko watu walivyotegemea. Kikubwa kilikuwa kama wanaona wenye mamlaka wana haki ya kuwaamuru, na hilo lilitoka kwenye jinsi walivyotendewa: walisikilizwa? waliongeleshwa kwa heshima? Hata waliopoteza kesi walikubali zaidi kama walipewa nafasi ya kusema. Mwingine, Janice Nadler, 2005, akaonyesha kwamba mtu akishasoma habari za sheria anazoziona za uonevu anakuwa tayari zaidi kuvunja hata sheria zingine zisizohusiana, mambo ya kuegesha gari na kadhalika.

Kwa hiyo mabati ya Karamoja ya 2023, mabati ya maskini yaliyodaiwa kuchukuliwa na wakubwa, hadi mawaziri 3 wakapelekwa kotini, hayakuwa habari ya Karamoja peke yake. Nilisikia mtoto wa darasa la sita akimwambia mwenzake aliyemnyang'anya kalamu: wewe waziri wa mabati. Alikuwa anacheka, ila alikuwa amejua ni kitu cha aibu, na hiyo mimi nimeihesabu upande wa faida.

Eti Kiswahili ni lugha ya wezi na askari?

Hahaha, mmeanza. Ndiyo, bibi yangu wa kabila la Baganda alikuwa anafunga mlango akisikia mtu anaongea Kiswahili usiku. Kwa watu wengi wa kusini sheria ilikuja kwa Kiswahili, kwenye roadiblok, "toka nje, lala chini, kitambulisho wapi", na kondo nao waliongea hivyohivyo. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005 na bado kuna watu wakiisikia mgongo unasisimka. Mimi nikienda kituoni nikamsalimia mshukiwa "shikamoo mzee" mbele ya afande, chumba kizima kinabadilika, hata afande anashusha sauti. Jaribuni.

Kijana wangu ameshikwa kwa kuzurura tu, hiyo bado ni kosa?

Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vile vipengele vilivyoruhusu kumshika mtu kwa sababu tu anaonekana mzururaji ama anashukiwa hana njia ya kuishi. Ila kuna vipengele vingine vya makosa madogo vimebaki, kwa hiyo uliza wameandika kifungu gani. Nenda na mwenyekiti wa LC1 kama anamjua kijana, beba kitambulisho chako, uliza jina la afande anayeshika faili na hesabu saa 48 kuanzia aliposhikwa. Wakimpa bondi soma tarehe ya kurudi na umrudishe siku hiyo hata kama mvua inanyesha, wengi wanaharibikiwa hapo. Karatasi ukipewa piga picha unitumie kabla ya saa mbili usiku. Na ukiombwa mafuta ya pikipiki, niite kwanza, safari hii sitanyamaza.